Malkia Aliyetolewa Mhanga: Somo la Kupima Thamani katika Sataranji

Sataranji ni mchezo wa kete thelathini na mbili juu ya ubao wenye nyumba 64. Jina lake limetufikia kutoka Kiarabu, ambacho kililipokea kutoka Kiajemi. Na asili yake ya mbali ni neno la Kisanskriti, chaturanga, lenye maana ya viungo vinne vya jeshi la kale la Bara Hindi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Kwa karne nyingi mchezo huu umekuwa burudani ya watu wa kila namna. Tangu katikati ya karne ya 20 umekuwa pia chombo cha wanasayansi wachunguzao namna akili inavyofikia uamuzi.

Makala haya yanachambua mchezo mmoja uliochezwa New York, Marekani, tarehe 17 Oktoba 1956, ambao upande wa kete nyeusi ulishinda. Nia si kumsifu mshindi tu. Mchezo huo unatoa jibu la wazi kwa swali linaloihusu kila elimu ya vipimo: je, thamani ya kitu imo ndani ya kitu chenyewe, au imo katika mahali kilipo na kazi kinayoifanya?

WACHEZAJI NA MASHINDANO

Mashindano yalifanyika katika Klabu ya Sataranji ya Marshall, na washindani walikuwa kumi na wawili. Kete nyeupe zilichezwa na Donald Byrne, kijana wa miaka 26, ambaye mwaka 1953 alikuwa ameshinda mashindano ya wazi ya Marekani. Kete nyeusi zilichezwa na Robert Fischer, mvulana wa miaka 13, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa vijana wa nchi hiyo miezi michache tu iliyotangulia. Fischer hakushinda mashindano yale. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Samuel Reshevsky. Hata hivyo, kati ya michezo yote iliyochezwa pale, ni huu uliobaki katika kumbukumbu za dunia. Mwandishi Hans Kmoch aliuita "Mchezo wa Karne", na jina hilo halijautoka mpaka leo.

NAMNA YA KUANDIKA HATUA

Ili msomaji aweze kuufuata mchezo kwa ubao wake, alama zifuatazo zitatumika. Safu za nyumba zinazotoka kwa mchezaji mmoja kwenda kwa mwenzake huitwa kwa herufi a hadi h, kuanzia kushoto kwa mchezaji wa kete nyeupe. Mistari ya kukingama huhesabiwa 1 hadi 8, kuanzia upande huo huo. Basi kila nyumba ina jina lake, kama e4 au c6.

Mf ni mfalme, Ml ni malkia, Ng ni ngome, A ni askofu, na F ni farasi. Askari hana herufi; huandikwa nyumba yake tu. Alama x ni kula, + ni cheki, yaani mfalme kutishwa, na # ni mfalme kufungwa asiwe na pa kwenda. Alama 0-0 ni mfalme kuingia ngomeni, yaani kuhamia pembeni mwa ubao nyuma ya askari wake, huku ngome ikiruka upande wake wa pili.

UFUNGUZI

1. Ff3 Ff6 2. c4 g6 3. Fc3 Ag7 4. d4 0-0 5. Af4 d5 6. Mlb3 dxc4 7. Mlxc4 c6 8. e4 Fbd7 9. Ngd1 Fb6 10. Mlc5 Ag4

Kwa hatua yake ya tano Fischer aliingia katika ufunguzi uitwao Kinga ya Grünfeld, kwa jina la Ernst Grünfeld wa Austria, aliyeuingiza katika mashindano makubwa mwaka 1922. Ufunguzi huu unapendwa sana na mabingwa, na Garry Kasparov aliutumia mara nyingi katika kugombea ubingwa wa dunia.

Wazo lake liliwashangaza wachezaji wa zamani. Kanuni ya kale ilikuwa kwamba kila mchezaji hana budi kuzishika nyumba za katikati kwa askari wake mwenyewe. Katika Kinga ya Grünfeld kete nyeusi huacha kusudi kete nyeupe zijenge boma kubwa la askari katikati, katika d4 na e4. Kisha hulishambulia boma hilo kutoka mbali, hasa kwa askofu aliyekaa g7, ambaye macho yake hupita mshazari mrefu hadi a1. Boma likisimama, kete nyeupe huwakaba wapinzani wao. Likibomoka, wenyewe hubaki uwanjani bila ukuta.

Msomaji na atazame hali ilivyo baada ya hatua ya 10. Byrne ana askari wawili wazuri katikati. Lakini mfalme wake bado yuko e1, katika safu ya kati, na askofu wake wa f1 hajasogea. Katika hatua kumi malkia amekwisha kusogezwa mara tatu. Fischer, kwa upande wake, alimwingiza mfalme ngomeni katika hatua ya nne, na farasi na maaskofu wake wote wamo kazini.

KOSA LA HATUA YA KUMI NA MOJA

11. Ag5 Fa4

Hapa Byrne alisogeza askofu ambaye alikuwa amekwisha kumtoa, badala ya kucheza 11. Ae2 na kumwandaa mfalme kuingia ngomeni. Kosa lilikuwa dogo kwa macho, kwani hakuna kete iliyopotea. Kilichopotea ni muda. Na katika sataranji muda ni mali kama mali nyingine.

Jibu la Fischer lilikuwa la kustaajabisha. Alimpeleka farasi wake a4, pembeni mwa ubao, mahali ambapo farasi wa c3 angeweza kumla bure. Lakini farasi huyo wa c3 alikuwa na kazi mbili: kumlinda askari wa e4, na kuuziba mshazari utokao a5 hadi kwa mfalme e1. Angeondoka c3, kazi zote mbili zingeanguka kwa pamoja. Baada ya 12. Fxa4 Fxe4 farasi mweusi angemtisha malkia wa c5 na askofu wa g5 kwa wakati mmoja. Kama Byrne angejibu 13. Mlxe7, ingefuata 13. ... Mla5+ 14. b4 Mlxa4, na endapo malkia mweupe angemla farasi wa e4, ngome ya f8 ingehamia e8 na kumbana mbele ya mfalme wake, asiweze kuikwepa safu hiyo. Byrne aliliona hilo, akarudi nyuma.

12. Mla3 Fxc3 13. bxc3 Fxe4 14. Axe7 Mlb6 15. Ac4 Fxc3 16. Ac5 Ngfe8+ 17. Mff1

Askari wa e4 ameliwa, na boma la katikati limebomoka. Safu ya e imefunguka, na mwisho wake anakaa mfalme. Byrne alijaribu kuokoa hali kwa mapigo yake mwenyewe, na hatua yake ya 16 ilikuwa ya werevu: askofu alipoingia c5 alimtisha malkia mweusi aliyeko b6, na wakati huo huo malkia mweupe wa a3 alikuwa akimtisha farasi wa c3. Kete mbili za Fischer zilikuwa hatarini kwa pamoja. Mchezaji wa kawaida angemhamisha malkia na kuhuzunika kwa farasi.

MALKIA ANAACHWA ALIWE

17. ... Ae6

Fischer hakumgusa malkia. Alimrudisha askofu wake kutoka g4 hadi e6, akakabiliana na askofu mweupe wa c4, na kumwacha malkia aliwe.

Kwanza tuone ingekuwaje kama Byrne angekataa zawadi hiyo na kumla askofu: 18. Axe6 Mlb5+ 19. Mfg1 Fe2+ 20. Mff1 Fg3+. Hapo mfalme anatishwa na wawili kwa mara moja, farasi na malkia, basi hana budi kukimbia: 21. Mfg1. Kisha 21. ... Mlf1+! Malkia anajitosa mwenyewe mbele ya ngome, na ngome inalazimika kumla: 22. Ngxf1 Fe2#. Mfalme amefungwa na farasi mmoja tu, kwa kuwa nyumba zote zinazomzunguka zimejaa kete zake mwenyewe. Mlinzi amegeuka kuwa ukuta wa gereza.

Byrne alichagua kumla malkia.

18. Axb6 Axc4+ 19. Mfg1 Fe2+ 20. Mff1 Fxd4+ 21. Mfg1 Fe2+ 22. Mff1 Fc3+ 23. Mfg1 axb6 24. Mlb4 Nga4 25. Mlxb6 Fxd1

Mwendo huu wa farasi na askofu ni kama kinu. Farasi akitoka e2, askofu wa c4 humtisha mfalme aliyeko f1. Mfalme akikimbilia g1, farasi hurudi e2 na kumtisha tena. Kila kinu kinapozunguka, farasi huwa huru kwenda atakako, kwa sababu mpinzani hana nafasi ya kufanya jambo lolote ila kumwokoa mfalme. Katika mzunguko wa kwanza farasi alimla askari wa d4. Faida ya kumla huyo haikuwa askari mmoja tu: mshazari wa askofu wa g7 ulifunguka hadi c3. Hivyo farasi aliporudi c3, alikuwa na mlinzi ambaye hapo kwanza hakuwapo. Baadaye askari wa a7 alimla askofu wa b6, na kwa tendo hilo hilo akaifungulia ngome ya a8 njia ya kumtisha malkia mweupe. Kila hatua ilifanya kazi mbili.

HESABU YA MIZANI

Wachezaji wana kipimo cha kukadiria nguvu za kete. Askari huhesabiwa 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5 na malkia 9. Mfalme hahesabiwi, kwa kuwa akifungwa mchezo umekwisha. Tukikitumia kipimo hiki katika nyakati nne za mchezo tunapata matokeo haya:

Baada ya 17. Mff1: Nyeupe 33, Nyeusi 34.
Baada ya 18. Axb6: Nyeupe 33, Nyeusi 25.
Baada ya 25. ... Fxd1: Nyeupe 21, Nyeusi 24.
Baada ya 30. Fxe1: Nyeupe 14, Nyeusi 19.

Mtu aliyeingia ukumbini wakati wa hatua ya 18 na kuhesabu kete tu angesema kwamba mvulana ameshindwa, kwani alikuwa nyuma kwa pointi 8. Hatua saba baadaye mvulana yule yule alikuwa mbele kwa pointi 3. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lingekuwa kudhani kwamba hesabu ya sasa inatosha kueleza yatakayokuja. Malkia wa b6 alikuwa na thamani ya 9 kwenye karatasi. Lakini ubaoni kazi yake kubwa ilikuwa kumvuta askofu mweupe atoke mahali pake. Na malkia mweupe, aliyekuwa na thamani ile ile ya 9, alitangatanga a3, b4 na b6 bila kuweza kumsaidia mfalme wake hata kidogo.

JAMBO HILI NA KOMPYUTA

Mwaka 1950 mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alichapisha makala kuhusu namna ya kuifundisha kompyuta kucheza sataranji. Alitumia kipimo kile kile cha 9, 5, 3, 3 na 1, akaongeza vipimo vingine vya hali ya ubao, kama uhuru wa kete kusogea na udhaifu wa askari. Alieleza pia ugumu wa kazi hiyo. Katika hali ya kawaida mchezaji ana hatua halali zipatazo 30 za kuchagua. Hatua moja ya kila upande hutoa njia zipatazo 1,000, na idadi huongezeka vivyo hivyo.

Kutoka 17. ... Ae6 hadi 25. ... Fxd1 kuna hatua 16, nane za kila upande. Kama kila hatua ingekuwa na njia 30, jumla ya njia ingekuwa 30 kuzidishwa kwa yenyewe mara kumi na sita, yaani tarakimu 43 ikifuatwa na sufuri 22. Hakuna binadamu awezaye kuzipitia. Mwaka ule ule wa 1956, katika maabara ya Los Alamos, kompyuta iitwayo MANIAC ilicheza sataranji iliyopunguzwa, juu ya ubao wa nyumba 36 usio na maaskofu, nayo ilitazama mbele hatua nne tu. Mashine ya namna hiyo, ihesabuyo kete na kuishia karibu, ingeona katika 17. ... Ae6 hasara tupu.

Basi mvulana wa miaka 13 aliwezaje? Jibu limo katika neno cheki. Mfalme anapotishwa, njia za mpinzani hupungua ghafla. Katika cheki tano zilizofuata kuliwa kwa malkia, Byrne hakuwa na hatua halali zaidi ya tatu wakati wowote, na mara mbili alikuwa na moja tu. Mti wa matawi elfu uligeuka kuwa kijia chembamba. Fischer hakuhitaji kuona kila kitu. Alihitaji kujua ni upande upi usiohitaji kutazamwa. Baadaye watunzi wa programu nao walizifundisha mashine zao kufuata cheki na kula hadi mwisho kabla ya kuhesabu. Mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi 3½ kwa 2½. Programu za leo huiona hatua ya 17 ya Fischer kwa muda mfupi sana.

MWISHO WA MCHEZO

26. h3 Ngxa2 27. Mfh2 Fxf2 28. Nge1 Ngxe1 29. Mld8+ Af8 30. Fxe1 Ad5 31. Ff3 Fe4 32. Mlb8 b5 33. h4 h5 34. Fe5 Mfg7 35. Mfg1 Ac5+ 36. Mff1 Fg3+ 37. Mfe1 Ab4+ 38. Mfd1 Ab3+ 39. Mfc1 Fe2+ 40. Mfb1 Fc3+ 41. Mfc1 Ngc2#

Malkia mweupe alibaki peke yake b8, mbali na mfalme wake, huku kete nne nyeusi zikishirikiana: ngome moja, maaskofu wawili na farasi mmoja. Hatua saba za mwisho za Fischer zote zilikuwa cheki, na mfalme alisukumwa kutoka g1 hadi c1, akafungwa hapo. Ni desturi ya mabingwa kukiri kushindwa mapema, kabla mfalme hajafungwa. Byrne alicheza hadi hatua ya mwisho, na kwa hiyo mchezo umebaki kamili, bila tawi lililokatwa.

Byrne baadaye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, akafariki mwaka 1976. Fischer alitwaa ubingwa wa dunia mjini Reykjavik, Iceland, mwaka 1972, akafariki mwaka 2008.

MAFUNZO

Kwanza, muda ni mali isiyoonekana. Byrne hakupoteza kete katika hatua ya 11, bali alipoteza nafasi ya kumwondoa mfalme hatarini. Hasara hiyo ilikuja kudaiwa baadaye pamoja na riba.

Pili, kete yenye kazi mbili ni mahali dhaifu. Anayeitafuta kete ya namna hiyo katika jeshi la mpinzani amekwisha kupata pa kuanzia.

Tatu, vipimo ni vya lazima, lakini kipimo ni mwanzo wa kufikiri tu. Mwenye kuhesabu hana budi kujiuliza: vitu hivi vinafanya kazi gani, na kesho vitakuwa wapi?

MAZOEZI KWA MSOMAJI

1. Baada ya 15. ... Fxc3, kwa nini Byrne hakumla farasi kwa malkia?
2. Baada ya 17. ... Ae6, kama Byrne angecheza 18. Mlxc3, Fischer angejibu nini?

Majibu: (1) Baada ya 16. Mlxc3 Ngfe8 askofu wa e7 amebanwa mbele ya mfalme wake, hawezi kuiacha safu ya e. Fischer angemla, na kubaki na askari mmoja zaidi. (2) Angejibu 18. ... Mlxc5. Askari wa d4 akimla malkia huyo, mshazari wa g7 unafunguka, na askofu anamla malkia mweupe aliyeko c3. Hapo pia malkia mweusi angejitoa. Na hapo pia askofu wa g7, aliyekaa kimya tangu hatua ya tatu, ndiye angedai malipo.